Mfumo wa Upepetaji: Istilahi na Kazi Yake Ndani ya Kombaini

Kombaini hukata, hupura, hutenga punje na mabua, kisha huondoa makapi, yote katika mwendo mmoja. Hatua hiyo ya mwisho Waingereza huiita usafishaji, na sehemu inayoifanya, yaani feni pamoja na machekeche yanayotikisika, mafundi wao huipa jina la kiatu. Majina hayo yakifasiriwa neno kwa neno hayatufai. Kiatu hakimwambii mtu lolote, na fundi akiagizwa aboreshe “mfumo wa kusafisha” anaweza kudhani anaambiwa habari za usafi wa mashine yenyewe.

Napendekeza “mfumo wa upepetaji”, na sababu yangu imo katika kazi yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana hapa. Kupepeta hutegemea hewa: kilicho chepesi huchukuliwa, kizito huanguka. Kuchekecha hutegemea tundu: kidogo hupita, kikubwa hubaki. Kupembua ni kutenga kwa mtikiso wa ungo, chenga huku na mchele kule. Ndani ya kombaini yote matatu yamo, lakini hewa ndiyo inayotawala, na anayelisahau hilo huiharibu mashine kwa nia njema.

Punje ya ngano huanza kuelea katika upepo unaopanda kwa kasi ya takriban mita 8 kwa sekunde. Makapi huinuliwa na mita 2 hivi. Feni hufanya kazi katika nafasi iliyo kati ya kasi hizo mbili. Upepo ukitosha, makapi huelea juu ya chekeche yakiwa yamelegea, punje zikapenya katikati yake na kuanguka. Dereva akiongeza mwendo, tabaka la makapi hunenepa. Hewa ikishindwa kulipenya, tabaka hilo hulala juu ya chekeche kama mkeka, na punje husafiri juu ya mkeka huo mpaka zimwagike nyuma. Upotevu hauongezeki taratibu. Hubaki mdogo kwa muda, kisha hupaa.

Kwa hiyo neno “uwezo” nalo linahitaji mpaka. Tangi la nafaka lina ujazo, injini ina nguvu, lakini uwezo wa kuvuna ni tani ambazo kombaini inazipitisha kwa saa kabla upotevu haujavuka kiwango kilichokubaliwa. Taasisi ya PAMI ya Saskatchewan, Canada, iliyopima kombaini nyingi kwa ajili ya wakulima wa kule, ilitumia kiwango cha asilimia 3. Kwa kipimo hicho, mashine yenye injini kubwa huweza kulazimika kutambaa kwa sababu upepetaji wake umezidiwa. Tatizo hili lilikua zaidi baada ya New Holland kutoa TR70 mwaka 1975 na International Harvester kutoa Axial-Flow mwaka 1977. Rota za mashine hizo zilipura na kutenga kwa wepesi, lakini zilivunja mabua kuwa vipande vifupi, na mzigo huo wote ukaangukia machekeche.

Watu wengi wakitaka kuongeza uwezo huanza kwa kufungua matundu ya chekeche. Naona hapo ndipo panapopotezwa nafaka nyingi. Tundu likipanuka, kasi ya hewa inayopita hapo hupungua, na vipande vya mabua hushuka pamoja na punje. Vingine huingia tangini. Vingine huingia katika marejeo, yaani masuke yasiyopurwa vizuri ambayo mashine huyarudisha yakapurwe tena, na hapo mzigo unazidi kuongezeka.

Marekebisho yenye faida huanzia kwenye upepo. Feni ndefu hulishwa hewa kutoka ncha zake mbili, kwa hiyo katikati huweza kupungukiwa; vibao vya kuelekeza hewa, au milango ya kuvutia hewa iliyoongezwa katikati, husawazisha mgawanyo. Mianya ya pembeni izibwe, kwa sababu hewa hufuata njia rahisi. Nafasi ya kuangukia kabla ya chekeche la juu ikipewa mkondo wake wa upepo, sehemu ya makapi huondoka ikiwa bado angani, na chekeche hupokea mzigo mdogo. Baada ya hayo ndipo inapofaa kufikiria chekeche jipya lenye vidomo vilivyoundwa kuongoza hewa. Na kabla ya yote, angalia kupura: rota inayosaga mabua kupita kiasi huleta lawama kwa upepetaji usio na kosa.

Kwenye miteremko, kama ile ya mashamba ya ngano ya Narok, nafaka hukusanyika upande wa chini wa chekeche na upande wa juu hubaki wazi. Hewa hukimbilia penye uwazi. Vigawanyo vilivyosimamishwa juu ya chekeche husaidia. Mashine nyingine hulaza chekeche lenyewe ili libaki sawa hata mwili wa kombaini ukiinama.

Upepo mwingi mno humwaga punje nyuma, na upepo mdogo mno pia huzimwaga. Ili kujua ni upi, mafundi huzima injini ghafla mashine ikiwa imejaa, husubiri kila kitu kisimame, kisha hufungua na kutazama kilicholala juu ya chekeche: mkeka mzito unadai upepo zaidi.

Kisha hesabu punje zilizomwagika. Punje 1,000 za ngano zikiwa na gramu 35, punje 200 kwa mita mraba ni kilo 70 kwa hekta. Lakini kombaini inayokata upana wa mita 5 na kumwaga makapi katika ukanda wa mita 1.25 huukusanya upotevu wake humo, hivyo punje 800 katika mita mraba ya ukanda huo ndizo zile 200. Hesabu pia mbele ya mashine, mahali ambapo bado haijapita. Punje za hapo zilipukutika zenyewe. Zitoe katika jumla kabla hujaigusa feni.