Maji Ndani ya Mpira wa CPAP ya Mtoto Mchanga: Yanatoka Wapi na Ufanye Nini

Ukurasa huu ni kwa mama, bibi, baba au mlezi yeyote anayekaa na mtoto mchanga anayesaidiwa kupumua kwa mashine ya CPAP. Unaeleza kwa nini mipira ya mashine hiyo huingia maji, wakati gani maji hayo ni hatari, na kazi yako ni ipi.

Kwa ufupi

- Maji yaliyo ndani ya chupa yenye mapovu yana kazi. Yaache.
- Ukungu mwembamba ndani ya mpira ni kawaida.
- Maji yaliyokusanyika ndani ya mpira hayana kazi. Mwite nesi ayamwage.
- Usinyanyue mpira juu ya kichwa cha mtoto. Maji yatateremka puani kwake.
- Usichomoe mpira mwenyewe.

CPAP inamsaidiaje mtoto?

Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Kwa mtoto njiti, vifuko hivyo bado havina utelezi wa kutosha wa kuvizuia visinatane. Kila akitoa pumzi vinasinyaa, na kila akivuta pumzi anaanza upya kuvifungua. Ndiyo maana unaona kifua kinabonyea, pua zinatanuka, na unasikia anaguna. Anachoka haraka.

CPAP hupeleka hewa yenye oksijeni kwa msukumo mdogo usiokatika, ili vifuko vibaki wazi hata mtoto anapotoa pumzi. Mtoto anapumua mwenyewe, mashine inampunguzia kazi. Njia hii si ngeni: daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco, Marekani, waliieleza mwaka 1971, na leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto njiti wenye shida ya kupumua.

Katika wodi nyingi za watoto wachanga utakuta aina inayotumia chupa ya maji. Fuata njia ya hewa kwa macho:

1. Hewa hutoka kwenye mashine na kupita kwenye chombo cha kuitia unyevu.
2. Hupita kwenye mpira wa kwanza hadi kwa mtoto.
3. Huingia kupitia vijiti viwili laini vya puani, au kimaski kidogo kinachofunika pua.
4. Hutoka kwa mpira wa pili hadi kwenye chupa ya maji, na hapo hububujika.

Msukumo anaopata mtoto unategemea mpira wa mwisho umezama kiasi gani ndani ya maji ya chupa. Ukizama sentimita 5, msukumo ni wa sentimita 5 za maji. Mara nyingi huwekwa kati ya sentimita 5 na 8. Kwa hiyo usiguse chupa, usiisogeze, wala usiongeze maji ukiona yamepungua. Mwambie nesi.

Maji ya ndani ya mpira yanatoka wapi?

Funua sufuria ya wali uangalie mfuniko. Matone yaliyo pale hayakumwagwa na mtu. Ni mvuke wa moto uliogusa mfuniko wenye baridi kidogo ukageuka maji. Ndani ya mpira hutokea hivyohivyo.

Hewa ya CPAP hutiwa unyevu na, kwenye mashine nyingi, hupashwa joto, kwa sababu hewa kavu hukausha pua ya mtoto, hugandisha kamasi na inaweza kuitoa damu. Lita 1 ya hewa yenye joto la nyuzi 37 iliyoshiba mvuke hubeba miligramu 44 hivi za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20, inabaki na uwezo wa kubeba miligramu 17 hivi tu. Zinazobaki huganda kama matone ukutani mwa mpira.

Tuseme hewa inapita lita 6 kwa dakika na inapoa hivyo njiani. Kwa saa moja itaacha maji karibu mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Ndiyo maana mpira uliokaushwa saa 2 usiku unaweza kuwa na maji tena kabla ya saa 4. Nesi hakukosea. Maji yanarudi kwa sababu hewa bado inapita.

Hapa Babati tofauti hii inaonekana zaidi miezi ya Juni hadi Agosti, usiku unapokuwa wa baridi. Mama aliyetoka Magugu kwenye joto hushangaa, lakini aliyetoka Bashnet anajua vioo vya gari vinavyofanya ukungu asubuhi. Mpira unaopita karibu na dirisha lililo wazi hupata maji mengi kuliko unaopita mbali na upepo.

Kwa nini maji hayo yanaweza kumdhuru mtoto?

*Yakiwa kwenye mpira unaoingiza hewa,* yanaweza kusukumwa hadi puani. Mtoto wa kilo moja na nusu hahitaji maji mengi ili apaliwe. Matone machache yanaweza kumfanya akohoe, abadilike rangi au asimamishe pumzi.

*Yakiwa kwenye mpira unaotoa hewa,* hujikusanya mahali mpira ulipolegea na kuning'inia, na kuziba njia. Hewa inalazimika kuyasukuma ndipo ipite. Msukumo kwenye mapafu unapanda kuliko nesi alivyoupanga, na msukumo mkubwa mno unaweza kulipasua pafu. Kibaya zaidi, chupa inaweza kuendelea kububujika, mtu akadhani mambo ni sawa.

Zaidi ya hayo, maji yaliyotuama yanaweza kukuza vijidudu. Ndiyo sababu maji yaliyotolewa mpirani humwagwa kwenye chombo cha taka, hayarudishwi kamwe kwenye chombo cha unyevu.

Sikiliza na utazame

Usiku nesi mmoja huwa na watoto wengi wa kuangalia. Wewe una mmoja. Kila unapokuja kumnyonyesha au kumkamulia, tumia dakika moja kabla ya kumgusa:

- Chupa. Je, mapovu yanatoka bila kukatika? Mapovu yakikoma, mara nyingi hewa inavuja mahali: kijiti kimetoka puani, mpira umechomoka, au mdomo wa mtoto uko wazi sana.
- Sauti. Mbubujiko utoke kwenye chupa. Ukiusikia unatoka katikati ya mpira, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, pana maji yaliyokusanyika.
- Mipira. Fuata kila mmoja kwa macho kuanzia puani. Ukungu hauna shida. Dimbwi linalochezacheza mahali palipoinama ni la kumwagwa.
- Pua. Je, kuna maji kwenye vijiti au kimaski? Je, ngozi ya pua imekuwa nyekundu, nyeupe au nyeusi?
- Mtoto. Rangi ya midomo na ulimi, kifua, na pumzi zake.

Ukiona maji, sema hivi: "Sista, mpira wa mwanangu una maji." Inatosha. Usione aibu kulisema mara ya tatu usiku mmoja, na usisubiri zamu ya asubuhi. Hausumbui mtu. Unafanya kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya.

Nesi atafanya nini?

Ataelekeza mpira chini, mbali na uso wa mtoto, maji yateremke upande usio wa pua. Ayamwage kwenye chombo, aunganishe mpira haraka, kisha ahakikishe mapovu yamerudi. Ataangalia kina cha maji kwenye chupa, kwa kuwa matone yanayoteremka humo huongeza maji na hivyo huongeza msukumo. Kazi hii ni ya muda mfupi, lakini inahitaji mikono safi na mtu aliyefundishwa, kwa sababu mpira ukiwa wazi mtoto hana msaada.

Kazi yako: mambo matano

1. Mwombe nesi amwage maji kwanza kabla mtoto hajageuzwa, kuinuliwa au kubadilishwa nepi. Maji mengi huingia puani wakati wa kumgeuza.
2. Acha mipira iteremke kutoka kwa mtoto. Sehemu kubwa ya mpira iwe chini kuliko kichwa chake. Usiulaze juu ya kifua chake wala juu ya ukingo wa kitanda ulio juu yake.
3. Ukimweka mtoto kifuani kwa njia ya kangaroo akiwa bado kwenye CPAP, fanya hivyo nesi akiwepo. Akuketishe, apitishe mipira ubavuni mwako iteremke chini. Ukitaka kusimama, mwite kwanza.
4. Mkinge na baridi. Kofia, soksi, nepi kavu. Omba dirisha lililo karibu na mashine lifungwe usiku, au kitanda kisogezwe.
5. Nawa mikono kwa sabuni kila unapoingia, na mweleze hivyo kila anayekuja kukupokea zamu, hata kama ni mama mkwe.

Usifanye haya

- Usinyanyue wala kutikisa mpira ili maji "yaondoke". Hujui yanakwenda upande gani.
- Usizime kipasha joto ukidhani ndicho kinacholeta maji. Utamwachia mtoto hewa kavu.
- Usiviringishe kitenge au blanketi kwenye mpira bila ruhusa. Baadhi ya mipira ina waya wa joto ndani na inaweza kuungua.
- Usiongeze maji ya bomba wala ya chupa ya dukani kwenye chombo cha unyevu. Wodi ina maji yake maalumu.
- Usichaji simu kwenye soketi ya mashine.

Umeme ukikatika

Mashine nyingi za kutengeneza oksijeni hutegemea umeme, na wodi huwa na njia ya akiba kama mtungi au jenereta. Taa zikizimika, tazama chupa kwa tochi ya simu. Mapovu yamesimama? Ita kwa sauti, hapohapo. Hata hewa ikiendelea kupita, kipasha joto kitakuwa kimezimika na mpira utapoa. Umeme ukirudi, omba mipira ikaguliwe.

Ita msaada mara moja ukiona

- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au wa kijivu;
- pumzi zimesimama, au zinazidi 60 kwa dakika;
- kifua kinabonyea zaidi ya awali, au mguno umerudi;
- mapovu yamekoma;
- maji yamefika puani;
- tumbo limejaa na kuwa gumu. Hewa kidogo huingia tumboni, na mpira mwembamba wa mdomoni huitoa, lakini tumbo gumu lazima liangaliwe;
- mtoto amelegea, hashtuki akiguswa.

Maswali ambayo akina mama huuliza

*Je, maji ya kwenye mpira yanatoka kwenye mapafu ya mwanangu?*
Hapana. Ni mvuke wa mashine uliopoa. Mapafu yake hayajajaa maji kwa sababu umeona matone.

*Jirani yangu anasema mtoto akiwekwa mashine hawezi kupona. Ni kweli?*
Si kweli. CPAP huwekwa ili mtoto apate nguvu wakati mapafu yanakomaa. Wengine huondolewa baada ya siku chache, wengine hukaa zaidi. Nesi hupunguza msaada kidogo kidogo na kumtazama.

*Je, naweza kumpa maziwa akiwa kwenye CPAP?*
Watoto wengi hupewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mpira mwembamba wa mdomoni. Kamua kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku pia, hata kama unapata matone tu.

*Mtoto amepewa rufaa kwenda Arusha au KCMC Moshi. Huko ni tofauti?*
Mashine inaweza kuwa ya aina nyingine, pengine yenye mpira unaopashwa joto hadi mwisho na maji machache. Kanuni haibadiliki: maji yateremke mbali na mtoto, na asiyefundishwa asichomoe mpira.

Mkisharuhusiwa kurudi nyumbani

Mtoto aliyekuwa kwenye CPAP anahitaji joto, maziwa ya mama na kliniki bila kukosa. Endelea kumbeba kangaroo. Usimlaze chumba chenye moshi wa kuni au mkaa. Akipumua haraka, akibonyea kifua, akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto sana, usisubiri kupambazuke. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa usafiri wa dharura wa mtoto mchanga au mama aliyejifungua, piga 115, huduma ya m-mama, bila malipo.