Mtoto Aliyenyamaza Frere Town

Ukishuka matatu pale Kengeleni, Kisauni, kumbuka jina hilo limetoka kwenye kengele ya Frere Town, iliyowekwa kuwaonya wakazi kwamba wateka watumwa wanakuja. Makazi haya yalianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875, miaka miwili baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa.

Miongoni mwa walioshushwa hapa, kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza, walikuwamo watoto. Hebu mfikirie mmoja wa miaka minane: hajui mamake yuko wapi, lugha ya mwalimu haielewi, usiku hapati usingizi. Asubuhi anaketishwa mbele ya herufi. Akinyamaza, ni rahisi kumwita mjinga, au mkaidi. Mwalimu naye tusimlaumu sana. Nani alimfundisha kutambua jeraha lisilotoka damu?

Taaluma yenyewe ilikuwa bado. Ilikuwa mwaka 1896, kule Philadelphia, Marekani, ambapo mwalimu mmoja alimpelekea Lightner Witmer mvulana aliyeshindwa kuandika maneno sawasawa. Witmer alimchunguza kwanza, na hapo ikaanza kliniki ya kwanza ya saikolojia.

Kwetu mambo yalichelewa. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984, kisha mwaka 1986 ikaundwa KISE, taasisi ya kuwafunza walimu wao, yote kwa msaada wa Denmark. Leo mwalimu anaweza kusomea elimu maalumu hadi shahada ya uzamili, Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa mfano.

Lakini tazama njia ilivyogeuka. Zamani Frere Town ilikuwa na chuo chake cha dini, kilichohamishiwa Limuru mwaka 1930. Walimu na wahubiri walitoka hapa kwenda bara. Sasa mwalimu wa Kisauni anayetaka kusoma kwenye kampasi ya KISE hupanda basi hadi Kasarani, Nairobi, na nauli, karo na kodi ya chumba vyote vinamngoja yeye. Wangapi wataweza?

Mtoto wa 1875 alimkosa mwalimu huyo kwa sababu hapa hakuwepo. Wa leo, aliyenyamaza dawati la nyuma, akimkosa, sababu ni nyingine: tunajua jinsi ya kumwandaa, ila hatujamlipia karo.