Yesu na Yuda katika riwaya ya Ngugi

Wahakiki wa fasihi humwita ‘mfano wa Kristo’ mhusika ambaye mwandishi amemvika baadhi ya sifa za Yesu: hujitoa mhanga kwa ajili ya wenzake, aghalabu husalitiwa, na kifo chake huwaachia wengine uhai mpya. Si lazima awe mtakatifu, wala hata muumini.

Riwaya ya A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka wa 1967 Ngugi wa Thiong’o akiwa bado anajulikana kama James Ngugi, imejengwa juu ya taashira hii. Jina lake limetokana na mfano wa Biblia kuhusu punje ya ngano ambayo sharti ife udongoni ndipo izae.

Wasomaji wengi humtaja Kihika papo hapo. Mpiganaji huyu wa Mau Mau ana Biblia aliyoipigia mistari, anawaona Wakenya katika masaibu ya Waisraeli chini ya Farao, na anashikilia kwamba kila mtu anayekubali kufa kwa ajili ya wenzake ni Kristo. Anasalitiwa, kisha anatundikwa mtini katika soko la Rung’ei. Taashira hapa iko wazi, pengine wazi kupita kiasi. (Wapo wanafunzi ambao wangemnyakua Gikonyo kwa kuwa tu ni seremala! Ishara moja haitoshi.)

Uzito wa riwaya uko kwa Mugo. Huyu ni yatima anayetaka tu kuachwa alime shamba lake kwa amani. Kihika anapoingia kibandani mwake usiku, baada ya kumuua afisa wa kikoloni, Mugo anaingiwa na hofu na chuki, naye anakwenda kumtoa kwa afisa John Thompson. Huyo ndiye Yuda. Lakini baadaye anatiwa kizuizini kwa kumkinga mwanamke aliyekuwa akipigwa handakini, na kimya chake mbele ya watesi kinawafanya wanakijiji wa Thabai wamdhanie kuwa shujaa.

Katika sherehe za Uhuru, Desemba 1963, anatakiwa ahutubu kwa heshima ya Kihika. Wapiganaji wamekwisha kuamini kwamba msaliti ni Karanja, aliyewatumikia wakoloni, nao wamejiandaa kumfichua mbele ya umati. Mugo angenyamaza tu, mwingine angelipa deni lake. Badala yake anasimama na kukiri, huku akijua adhabu inayomngoja. Kwa hiyo Yuda anaubeba msalaba, na anayeokolewa ni mtu ambaye kijiji kizima kinamdharau. Kwa maoni yetu, hapo ndipo Ngugi anapowazidi waandishi wanaotosheka kumpa shujaa wao ndevu na wafuasi kumi na wawili.

Mwaka wa 1970 Ngugi aliutangazia mkutano wa Kanisa la PCEA kwamba yeye si Mkristo. Baadaye aliliacha jina la James, ila Biblia hakuiacha. Katika Caitaani Mutharaba-ini, aliyoiandika kwenye karatasi za msalani akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka wa 1978 na kuichapisha mwaka wa 1980, anayesulubiwa ni Shetani, na wanaokuja kumshusha msalabani ni mabwana waliovaa suti. Kwa Kiswahili riwaya hiyo inaitwa Shetani Msalabani.