Historia ya Jembe na Jasho

Wapo watu, na miongoni mwao wamo hata wanafunzi wetu, wanaodhani kwamba kusoma historia ni kukariri majina ya watawala na miaka ya vita. Fikra hiyo tuliirithi kutoka shule za kikoloni, ambamo mtoto wa Kiafrika alifundishwa habari za wafalme wa Uingereza na safari za wapelelezi wa Kizungu, huku jembe la baba yake na chungu cha mama yake vikihesabiwa kuwa vitu visivyo na historia. Somo la historia ya uchumi na jamii hutaka kujua watu walilima nini, walibadilishana nini, nani alifanya kazi, na nani alifaidi matunda ya kazi hiyo.

Hapa Tanzania somo hili lilikua pamoja na chuo kikuu chenyewe. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam, wiki chache kabla ya Uhuru. Idara ya Historia ilianza mwaka 1964 chini ya Profesa Terence Ranger. Kazi ya kwanza ya walimu wake ilikuwa kuthibitisha kwamba Mwafrika alikuwa na historia kabla ya kuja mgeni. Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wa Upare, ambako wahunzi wa ukoo wa Washana walikuwa na nafasi kubwa katika habari za utawala wa kale wa Ugweno. Mwaka 1969 yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania.

Hata hivyo swali jingine likazuka. Je, yatosha kusema kwamba babu zetu nao walikuwa na watawala na mashujaa? Walter Rodney, mwana wa Guyana aliyefundisha Mlimani, alitoa mwaka 1972 kitabu chake kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyolizuia bara la Afrika kuendelea. Yeye na wenzake walitaka msomi aanzie kwenye uzalishaji mali na unyonyaji. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, nayo yaliwafunza vijana kwamba historia haipokelewi kama dawa ya kumezwa, bali hupimwa kwa hoja na ushahidi.

Tuchukue mfano wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwaka 1968 na 1969, wanafunzi wa chuo walikwenda mikoani wakati wa likizo kuwahoji wazee waliokumbuka vita hivyo. Miongoni mwa viongozi wa utafiti huo walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Taarifa za Wajerumani zilikuwa zimeandika mengi juu ya ushirikina na uchochezi wa waganga. Wazee wao walisimulia pamba, kodi na viboko vya maakida. Kuanzia 1902, serikali ya Gavana von Götzen iliwalazimisha watu wa sehemu za pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa kati ya wakulima, jumbe na serikali ya wilaya, na fungu la mkulima lilikuwa dogo mno. Basi si ajabu kwamba huko Nandete, katika Umatumbi, uasi ulianza Julai 1905 kwa kung'oa miche ya pamba. Imani ya maji ya Kinjikitile Ngwale iliwaunganisha watu, lakini uchungu wao ulitoka shambani.

Utafiti haukukoma hapo. Katika miaka ya 1990 Thaddeus Sunseri aliitazama Uzaramo akaona jambo ambalo wengi walilipita. Wanaume walipochukuliwa kufanya kazi za mbali, na uwindaji wa pamoja wa nyavu ulipozuiwa, nguruwe mwitu waliharibu mazao, na mzigo wa kulinda chakula ukawaangukia wanawake. Hivyo historia ya jamii ilituingiza ndani ya nyumba, mahali ambapo historia ya mashujaa ilikuwa haijafika.

Tuangalie pia hesabu ya waliokufa. Taarifa rasmi za Kijerumani zilitaja watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, kwa kuwa majeshi yalichoma vijiji, maghala na mashamba. Mwenye kuhesabu maiti za vitani tu hupata jibu moja. Mwenye kuhesabu maghala yaliyoteketezwa hupata jingine. Hapo ndipo tunapoona kwamba swali la uchumi ni swali la uhai wa watu.

Wazee waliohojiwa mwaka 1968 wametutoka wote. Lau wanafunzi wale wangengoja miaka ishirini, ushahidi wao ungezikwa nao. Sisi nasi tunao wazee waliokata mkonge, waliopeleka kahawa kwenye vyama vya ushirika, na waliohamia vijijini katika miaka ya 1970. Mwalimu asingoje chuo kikuu kimletee watafiti. Awatume wanafunzi wake wakaulize na kuandika, pamoja na yale yasiyopendeza kuyasikia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la taifa nalo ni mali.