Mlingoti Juu ya Bega: Namna Mashua Zilivyofika Tanganyika kwa Nchi Kavu

Sisi wa Bwegera hatuna ziwa. Tuko katika tambarare ya Ruzizi, kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, na vitu vya ziwani tunaviona vikipita juu ya kamio: ndagala, nyavu, mbao za mitumbwi. Mtu anaweza kuuliza: habari ya milingoti inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu habari za mto wetu zilichelewa kufika Ulaya juu ya mashua moja iliyoshindwa kutembea nchi kavu.

Burton na Speke, walipotoka pwani mwaka 1857, walikuwa na mashua ya chuma yenye kufunguka vipande vipande. Wapagazi hawakutosha, wakaiacha nyuma. Aprili 1858 wakafika Uvira kwa mitumbwi ya kukodi kutoka Ujiji. Walitaka kuona mdomo wa Ruzizi, lakini wapiga kasia wakakataa kusonga mbele. Watoto wa chifu wa pale wakawaambia wazi: Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Wazungu wakaendelea kubishana kama Nile inatoka Tanganyika, mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika pale kwa mtumbwi wakaona kwa macho maji yanaingia. Kumbe neno hilo lilikuwa limesemwa Uvira miaka 13 kabla.

Stanley aliporudi mwaka 1874 alileta mashua yake mwenyewe, Lady Alice. Ilikuwa ya mbao nyepesi, urefu karibu meta 12, imegawanywa vipande vitano. Hata hivyo vipande vilikuwa vizito mno, ikabidi fundi wa Zanzibar avipunguze. Novemba 1874 ikaondoka Bagamoyo juu ya mabega ya watu. Ilizunguka ziwa Victoria mwaka 1875, na katikati ya mwaka 1876 ikatembea ziwani Tanganyika, Uledi akishika usukani.

Sasa, shida iko wapi? Ubao unaweza kugawanywa, lakini mlingoti ukiukata umeuharibu. Kwa hiyo kazi ya kuutayarisha ina utaratibu wake, na utaratibu huo haujabadilika sana, ukiwa unatumia bega ao kamio.

Kwanza tanga. Linateremshwa, linakaushwa vizuri, ndipo linakunjwa. Tanga lililofungwa likiwa bichi linaoza njiani. Pili, foromali, ule mti unaobeba tanga, inatolewa na kulazwa kando. Tatu, kamba. Hapa vijana wanakosea sana: wanavuta zote kwa haraka, na kesho hakuna anayejua ipi ilipandisha tanga na ipi ilishika mlingoti upande wa kushoto. Kila kamba izungushwe peke yake, ifungwe, itiwe alama. Wakati wa kufungua ndio wakati wa kufikiria kufunga.

Nne, mlingoti wenyewe. Watu wawili wanashika shina, wengine wanauteremsha polepole. Juu ya kamio usiulaze juu ya chuma kitupu. Weka magunia chini yake, uushikilie sehemu tatu, maana ukishikwa katikati tu, kila shimo la barabara litaupinda. Shina liende mbele, na ncha inayotokea nyuma ifungwe kitambaa chekundu ili wa nyuma wakione.

Mwaka 1915 Waingereza walijaribu njia nyingine. Mashua zao mbili za mota, Mimi na Toutou, hazikuwa za tanga, wala hazikufunguliwa. Zililetwa nzima kutoka Afrika ya Kusini kwa treni mpaka Fungurume, kisha zikavuka milima ya Mitumba juu ya magari, zikivutwa na mashine za mvuke na ng’ombe. Safari ile ya pori ilipita kilometa 200. Ilibidi kukata miti na kujenga madaraja zaidi ya mia moja. Mashine zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani. Mwisho wa Oktoba mashua zikafika Lukuga, Kalemie ya leo, na tarehe 26 Desemba zikateka meli ya Wadachi, Kingani.

Tulinganishe. Mashua iliyofunguliwa inafuata kijia cha mtu. Mashua nzima inadai barabara. Lakini zote mbili zilifika kwa nguvu ya watu wetu. Ile ya mwaka 1857 haikushindwa juu ya ubovu wa chuma. Ilikosa mabega.

Jina la Uledi tunalo, kwa sababu Stanley aliliandika. Majina ya wale wanawake wa maji hakuna aliyeyaandika. Wapenzi wasomaji, kule Kalundu na kwenye fuko zote za ziwa wangali wazee wanaojua kuteremsha mlingoti bila kuuvunja. Tuwaulize kazi inafanywa namna gani, na nani aliwafundisha. Tena tuandike na majina yao.