Nati Ndogo, Mkono Mzito

Wasomaji wangu, leo tarakilishi ipumzike kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu nati na bolti. Ndiyo, hizi ndogo za spana nambari 10 zinazoshika kava la injini ya pikipiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi moja hapa Kisumu nilikuwa nafunga kava baada ya kubadilisha klachi. Bolti ya mwisho nikaiongezea "kidogo tu" ili nilale bila wasiwasi. Ghafla ikawa inazunguka bila uzito, kama mwiko kwenye uji. Meno ya ndani yalikuwa yamekwisha. Oili ikavuja, pikipiki ikalala siku nne. Mimi naitumia kwenda kazini tu. Mwendesha boda boda akilaza yake siku nne, sufuria nyumbani nayo inalala. Nikajiuliza: hii tabia ya kukaza mpaka mkono utetemeke tuliitoa wapi?

Tuanze mbali kidogo. Meli ya William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, miaka ya 1890. Huko iliunganishwa kwa bolti za muda tu, vipande vikatiwa alama, kisha ikafumuliwa na kuletwa Mombasa. Vipande vikapanda bara, vingine mabegani mwa wapagazi, na hapa Kisumu vikaunganishwa upya kwa ribiti. Meli ikashushwa ziwani mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Pikipiki zetu nyingi nazo huingia nchini vipande vipande na kufungwa hapa hapa. Mambo ni yale yale!

Kazi ya namna hiyo inataka makubaliano. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya pamoja vya meno ya bolti: pembe ya digrii 55, na idadi maalum ya meno kwa kila inchi. Sisi waandika programu tunakijua kitu hicho: ukifuata kanuni moja, kipande changu na chako vitashikana hata kama hatujawahi kuonana. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akaja na digrii 60, na bolti za milimita za leo nazo ni digrii 60. Ndiyo maana spana za inchi za mzee hazifai. Kichwa cha milimita 10 hakina mwenzake kwenye seti ya kawaida ya inchi: 3/8 ni milimita 9.5, haiingii, 7/16 ni 11.1, inakula pembe.

Sasa tuje barabarani. Boda boda ilizaliwa Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960, ikiwa baiskeli. Kisumu tulibebwa na baiskeli miaka mingi. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na injini zikachukua mji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye jibu. Baiskeli ni chuma juu ya chuma, inavumilia mkono mzito. Injini ya pikipiki ni bolti ya chuma ndani ya alumini, na alumini ni laini. Tulibadilisha chombo, mkono ukabaki ule ule.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1918 Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya New York, alibuni spana yenye kipimo kwa sababu bolti za mabomba zilikuwa zinakazwa kupita kiasi.

Je, kama huna spana hiyo? Elewa kwanza kwamba bolti ni springi: ukiikaza inavutika kidogo, na huko kuvutika ndiko kunakoshika. Sehemu kubwa ya nguvu yako inaliwa na msuguano. Kwa hiyo ukipaka meno oili, nguvu ile ile itavuta bolti zaidi ya ulivyodhani.

Bolti ya milimita 6, yenye kichwa cha 10, kwa kawaida inataka takriban Nm 10. Kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Kwa mpini wa sentimita 10, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 10. Kwa mpini wa sentimita 25, kilo 4 tu! Basi chukua spana fupi. Anza kwa vidole. Ikikataa, usilazimishe, irudishe nyuma mpaka ikae, ndipo uendelee. Kaza kwa kuvuka, upande huu kisha ule wa pili, mizunguko miwili au mitatu.

Wala usiniambie sasa tuziache zimelegea. Bolti ya breki iliyolegea ni mauti. Kukaza sawasawa maana yake ni kujua mahali pa kusimama.

Kava langu lilichimbwa meno mapya na fundi mmoja wa jua kali, mzee mpole. Alipomaliza alikaza kwa vidole viwili tu, akanirudishia spana. Haijavuja hadi leo.