Ukuta na Utando: Historia ya Mpaka wa Seli

Mwaka 1665, jijini London, Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini na kuona vyumba vidogo vitupu alivyoviita seli. Alichokiona hasa kilikuwa kuta, yaani maganda magumu yenye selulosi yanayoupa mmea umbo na uimara, yaliyosalia baada ya uhai kutoweka. Utando, ngozi laini inayochagua kinachoingia na kinachotoka katika seli, ulichelewa kufahamika kwa sababu ya wembamba wake. Mwaka 1925, wanasayansi Gorter na Grendel wa Uholanzi walipima mafuta ya utando wa chembe nyekundu za damu, wakahitimisha kuwa yanatosha kuzifunika kwa tabaka mbili. Na mwaka 1972, wanasayansi Singer na Nicolson walieleza kwamba ndani ya tabaka hizo huelea protini, ambazo baadhi yake ni malango ya uhai wenyewe.